Mwambie Akanyage

Kamenu, Thika
Jumapili, 18 Mei 2025

Sifuna ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na salamu pia kwa yule mwalimu wenu anayefungua barua za watu kabla ya wenyewe. Shikamoo, mwalimu. Humu ndani hakuna mapenzi, kuna gari tu. Unaweza kurudi kwenye chai yako.

Sisi ni wazima. Mama anasema uache kuumwa na tumbo kila kunapokuwa na mtihani. Kukhu alitolewa bandeji ya jicho, na daktari akampa nyanya yetu huyo miwani nyeusi kubwa ambayo tangu aivae haivui, hata akila. Anakaa barazani kama mlinzi wa waziri. Anauliza kama shuleni mnapewa mboga za kienyeji. Nilimwambia mnapewa. Nimedanganya?

Sasa jambo lenyewe. Baba ameamua kuwa fundi.

Unajua mkifunga nusu muhula mwezi ujao tunampeleka Kukhu nyumbani Kimilili, na wewe tunakuchukua hapo getini kwenu Ruiru tukipita. Kukhu hataki basi, vumbi ni baya kwa jicho. Kwa hivyo ni gari letu, kwa sababu lina kile kiti cha nyuma kabisa, ambapo anaweza kukaa mbali na mkwe wake na mizigo iwe ukuta katikati. Fundi wa karibu na stendi alimwambia Baba mafuta ya breki yamekuwa meusi, yabadilishwe kabla ya safari. Hapo sawa. Halafu akaongeza kwamba gari lenyewe limezeeka. Hilo Baba hakulisamehe. Aliondoka pale kama mtu aliyetukaniwa mama yake, na wiki nzima akawa anatazama video za Wazungu wenye gereji safi kuliko sebule yetu.

Jana akavaa overoli ya kazini. Yeye ni msimamizi wa stoo, Sifuna. Overoli hiyo haijawahi kuona mafuta isipokuwa ya chapati. Akasimamisha simu juu ya beseni lililopinduliwa, akainua gari kwa jeki, akaanza kuniambia mimi maneno ya mtu wa kwenye video kana kwamba ameyatunga yeye.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani, anakanyaga pedali ya breki mara kadhaa, halafu anaishikilia chini. Mwingine yuko kwenye gurudumu na spana. Analegeza kiskrubu fulani chenye tundu, mafuta machafu na hewa vinatoka kwa mrija hadi kwenye chupa, anakifunga, ndipo wa ndani anaachilia. Wa ndani akiachilia kabla hakijafungwa, hewa inaingia badala ya kutoka, na ni heri msingeanza. Hata mimi nilielewa, na nilikuwa nimesimama upande ambao video haionekani.

Kwanza mimi ndiye niliyewekwa kwenye pedali.

"Umekanyaga?"

"Ndiyo, Baba."

"Maxine, umekanyaga?"

"Ndiyo."

"Huyu mtoto yuko ndani ama ametoka?"

Unanijua. Sauti yangu ikitoka hufika kwenye meno ikarudi. Na Eddie wa kwa jirani Mburu alikuwa ameketi juu ya ukuta wao anakula mapera na kutazama kama ni sinema. Baba akaja mlangoni akaniambia nitoke, kazi ya kusema ndiyo imenishinda.

Ndipo Kukhu akainuka barazani. "Nimefanyiwa jicho, sikufanyiwa mguu," akasema, akiniambia mimi, maana kwa mila Baba, mkwe wake, hawezi kumwambia. Akapanda. Akaketi kwenye kiti cha dereva, kiti cha mkwe wake, akafunga mlango. Unajua hao wawili tangu harusi hawajashikana mkono wala kusemezana. Baba akiingia sebuleni Kukhu yuko tayari jikoni. Baba akaenda kujificha kwenye gurudumu la mbali kabisa. Na mimi nikawekwa katikati.

"Mwambie akanyage."

"Kukhu, kanyaga."

"Mwambie nimekanyaga."

"Amekanyaga, Baba."

"Mwambie ashikilie."

"Ashikilie nini, na mguu uko chini? Mwambie afanye haraka."

"Anasema sawa, Baba."

Kama mahakama yenye mkalimani. Magurudumu matatu yalienda hivyo. La nne agizo moja likapotea njiani, Baba akasema "bado" na Kukhu akaachilia. Mambo kama hayo hutokea. Baba alifunga, akashusha jeki, akakanyaga mwenyewe mara mbili, akatangaza: "Hii sasa ndiyo breki." Eddie akapiga makofi. Sijui alikuwa anamcheka nani.

Walipoingia kula nilikanyaga na mimi. Inazama kama kukanyaga gunia la unga. Wewe unasoma somo la magari, hiyo Power Mechanics. Pedali kuwa laini hivyo ni sawa?

Nijibu kabla ya safari, si baada ya mazishi.

Wako,
Maxine

*

Shuleni, Ruiru
3 Juni 2025

Max,

Niaje. Barua yako imenifikia jana. Mtu angetoka Thika hadi Ruiru akichunga mbuzi angefika mapema. Mama yangu aliiacha kwa Githae, mlinzi wa getini, Githae akaiweka kwa koti, koti likaenda kufuliwa. Sehemu ya Eddie na mapera imefutika kidogo, lakini nimeelewa unavyojisikia, usijali.

Depu, huyo mfungua barua, anasema shikamoo yako imefika, na kwamba mwandiko wako unaushinda wangu. Alisema mbele ya darasa. Asante sana.

Mimi ni mzima. Mboga za kienyeji umedanganya. Mama hakuja siku ya wazazi, alikuwa na kazi nyingi kwetu Mwihoko, na haikunisumbua. Nilikaa na kina Odongo, mama yake akatugawia kuku. Haikunisumbua hata kidogo.

Baba mkubwa amenichekesha hadi nikatolewa maktaba. Wamalwa mzima, na beseni. Lakini wewe umenichekesha zaidi. Una miaka kumi na saba na umeshindwa kusema neno moja ambalo hata kasuku angesema, hadi ajuza mwenye miwani ya polisi akafanya kazi yako. Siku ukizaa mtoto utampa jina kwa ishara.

Kuhusu pedali, acha uoga. Mafuta mapya huwa hivyo. Gari likitembea kidogo itakaza yenyewe. Usianze kumwambia kila mtu, kwa sababu mzee akisikia kelele ataogopa aite mafundi, na mafundi wa Thika wakilishika gari wanalishika hadi Krismasi. Halafu safari imekwisha.

Nimemwandikia Baba kule Kimilili kwamba nakuja. Hajajibu, lakini nimemwandikia. Alipoondoka Mwihoko nilikuwa naingia kidato cha kwanza na nilikuwa mfupi. Sijui kama atanitambua. Mwambie Kukhu ahakikishe wanajua tunafika Alhamisi tutakayofunga.

Kazi yako ni kunyamaza. Hiyo unaiweza.

Sifuna

*

Kamenu
10 Juni 2025

Sifuna,

Mama mdogo Emmaculate alikuja na barua yako mwenyewe, akanywa chai, akasema magoti yanamsumbua ndiyo maana hakuja siku ya wazazi. Aliuliza mara tatu kama unakasirika. Nimemwambia haikukusumbua hata kidogo. Alinitazama vile mama zetu wanavyotazama.

Mama ni mzima, mimi nina mafua. Kukhu amejifunza kuwasha redio ya simu na sasa hatuwezi kuizima. Wa kwenu huko asemaye mwandiko wangu ni mzuri, mwambie namshukuru.

Umeandika itakaza yenyewe. Sasa sikiliza.

Jumapili baada ya kanisa Baba alituingiza wote kwenye gari, isipokuwa Kukhu, kwenda kununua maziwa. Unaijua ile njia yetu inavyoshuka kabla ya kufika kwa Mburu. Baba akakanyaga. Gari likapunguza mwendo kama mtu aliyeitwa jina asilolipenda, likaendelea, likaenda likalala kwenye geti la Mburu. Halikuvunja kitu. Liligonga tu, kooong, kama kubisha hodi. Mburu akatoka na taulo begani.

"Wamalwa, hata kengele iko hapo kando."

"Hili geti umelisogeza," Baba akasema. "Halikuwa hapa."

Anasema hivyo kwa uso mkavu, na Mburu amejenga lile geti kabla mimi sijazaliwa. Mburu akaligusa geti lake, akamtazama Baba, akasema pole, ngai, atalirudisha nyuma akipata nafasi. Eddie akaingia ndani ili acheke vizuri. Jioni Mama akasema tu kwamba viatu vya Baba vya kanisani vina soli laini. Wote wawili wanakubaliana kwamba ni viatu. Na ni watu wa kazi, wenye vyeti, wanaonikagulia mimi ripoti ya shule.

Sasa naomba nikwambie kitu na usikisome kwa sauti bwenini.

Ile siku sikukuandikia sawasawa. Agizo halikupotea njiani. Mimi ndiyo njia. Baba alisema "bado", nikalisikia vizuri kabisa, "bado, asiachilie", na Kukhu akaniuliza, "Anasemaje?" Nikafungua mdomo. Eddie alikuwa ameacha kutafuna. Sijui kwa nini mtu akiacha kutafuna inakuwa mbaya zaidi. Nikasema "bado" vile ninavyosema kila kitu, na Kukhu kwa sababu hakusikia lolote akaona basi imekwisha, akainua mguu. Nilisikia ile chupa ikinyonya. Ilifanya kelele kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija. Baba alikuwa anatazama video. Nilisikia mimi peke yangu, na sikusema pia.

Kwa hivyo kuna hewa mle ndani na niliiingiza mimi. Nilijaribu kumwambia Mama jikoni. Akasema, "Mwambie baba yako, gari ni lake." Nikaenda hadi sebuleni kwa Baba. Akasema, "Ongeza sauti, sikusikii," bila kugeuka kutoka kwenye habari. Nikamwambia nilikuwa nauliza kama anataka chai. Sasa amekunywa chai tatu wiki hii kwa sababu ya breki.

Nakuuliza mara ya pili kwa sababu ya kwanza hukujibu, ulinitukana. Kuna ile miteremko mikali ya njiani kabla ya Nakuru. Kukhu atakuwa nyuma kabisa, na mizigo mbele yake. Mkifundishwa, mwalimu anasema pedali laini ni nini?

Maxine

*

Shuleni
19 Juni 2025

Max,

Salamu kwa wote, mimi ni mzima, tuko kwenye mitihani kwa hivyo sina muda.

Nimeshakujibu. Ni mafuta mapya na viatu. Kama mzee anasema ni sawa, ni sawa, yeye ndiye mwenye leseni. Wewe umewahi kuendesha nini, baiskeli ya Eddie?

Depu amekubali. Alhamisi tarehe ishirini na sita nitakuwa getini na sanduku langu kuanzia asubuhi. Mama amenishonea shati. Usiharibu hii kitu, Max, tafadhali. Mwezi mzima hujasema neno, usianze wiki hii.

Sifuna

*

Mwihoko, Ruiru
Jumapili, 29 Juni 2025

Maxine,

Sitauliza habari za kwenu. Mko nyumbani, mko kwenye viti, mnakunywa chai.

Alhamisi nilitoka bwenini kabla ya wengine kuoga. Nilivaa shati jipya. Githae akaniwekea kiti karibu na kibanda chake, akaniuliza nani ananijia, nikamwambia baba yangu mkubwa, ana gari kubwa la viti saba. Nilisema hivyo kwa sauti, na wasee wa kidato cha pili walikuwa wanapita. Basi magari yakaanza kuja. Kila gari la kijivu nilisimama. Kina Odongo wakachukuliwa, wakanipungia. Mchana geti likabaki na mimi na Githae na mbwa. Githae akanipa nusu ya githeri yake na akaacha kuniuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, alipoacha kuniuliza.

Jioni Mama akaja kwa miguu yake hiyo mibovu. Akasema hamwendi, gari lina shida, uliza Maxine. Alinipa simu nikupigie. Nikakataa. Kwanza kwa simu wewe huwa unapumua tu.

Nilijua utaiharibu. Mtu ambaye hawezi kuagiza soda kwa duka, wiki ile ile ninayomwomba asiseme, ndiyo anapata mdomo. Hongera. Shati nimelikunja. Baba pengine alisimama barabarani Alhamisi, pengine hakusimama, na sasa sitajua, kwa sababu yako.

Nimeandika hapo juu halafu nikaenda kuchota maji. Nimerudi. Naona heri niandike na hii, maana kesho narudi shuleni, na kule Depu atasoma.

Pale getini baada ya saa sita sikuwa na hasira. Hasira ilikuja Mama alipokuja, nilipojua mko hai. Kabla ya hapo nilikuwa naona ule mteremko. Nilikuwa namwona Kukhu na miwani yake, na masanduku yanamwendea. Mwalimu wetu alishatuuliza swali hilo, Max. Kabla hata sijapata barua yako ya kwanza. Pedali ikizama na kuwa laini, sababu ni nini? Niliandika ni hewa, gari lisiendeshwe hadi itolewe. Nikapata tiki. Nilikuwa na karatasi hiyo kwenye deski nilipokuwa nakuandikia kwamba itakaza yenyewe.

Nilitaka tu tufike.

Sasa umejua. Niambie ni nani aliyesema, na alisemaje. Usinifichie kitu.

Sifuna

*

Kamenu
Jumanne, 8 Julai 2025

Sifuna,

Mama anakusalimia. Baba anakusalimia pia, lakini kwa ufupi, ana aibu na wewe. Mama mdogo alisema ulirudi shuleni bila kumaliza chakula. Mwalimu, shikamoo, leo ni ndefu, lete kiti.

Kwanza nikuambie kuhusu tiki yako. Nilisoma mara moja nikaikunja barua, nikaenda nikafua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo Depu angeyaweka kwenye faili. Halafu nikakumbuka ile chupa ikinyonya. Wewe ulikuwa na jibu kwenye deski, mimi nilikuwa na "bado" mdomoni. Sote wawili hatufai. Tuendelee.

Alhamisi tulipakia mapema. Kukhu akaingizwa kwanza, nyuma kabisa, na kabla Baba hajatoka nyumbani tukampangia ukuta wake wa masanduku na gunia la mchele. Mama mbele. Mimi ndiye wa kufungua geti, niingie gari likishatoka. Baba akarudisha nyuma. Unajua pale petu panashuka kuelekea barabarani. Akakanyaga breki. Nikaona mguu wake kupitia mlango wake uliokuwa wazi, haukukanyaga mara moja. Ulikanyaga mara mbili, tatu, haraka haraka, kama mtu anayepiga mende asitake mkewe ajue kuna mende. Gari likasimama. Akainua macho kwenye kioo kuona kama kuna aliyeona.

Alikuwa anajua, Sifuna. Siku zote hizo za viatu na geti lililosogezwa. Alikuwa anajua na alikuwa anatupeleka.

Akasema, "Ingia twende, mtoto anatungoja Ruiru."

Nikasema, "Baba, breki."

"Ongeza sauti, sikusikii."

Nikasema tena. Nakuapia nilisema. Haikutoka. Eddie alikuwa anafagia nje kwao, Mburu anaosha pikipiki, Mama ananitazama na mkono kwenye mkanda. Nikajua kwamba nikisema mimi, Baba atasema mimi ni mtoto, mimi nimewahi kuendesha nini. Atasema maneno yako yale yale. Nikatazama kwenye dirisha la nyuma. Kukhu alikuwa amekaa wima pale, miwani nyeusi, huwezi kujua anatazama wapi. Na miezi hii yote kitu ninachokijua kufanya kwa hao wawili ni kimoja tu.

Nikasema: "Kukhu anasema haendi na gari hili mpaka breki zitolewe hewa upya."

Ilitoka. Sijui ilikuwa imekaa wapi. Fagio la Eddie likasimama. Mburu akafunga maji.

Kukhu hakuwa amesema neno lolote. Hakuwa hata amefungua mdomo, alikuwa ananyonya peremende.

Baba akanitazama. Akatazama kioo. Ungemwona, Sifuna. Angekuwa mtu mwingine angegeuka amuulize, lakini huyu ni mama mkwe wake, atamuulizaje? Kumbishia hawezi. Kumwambia ni viatu hawezi. Njia ya kufika kwake ni mimi, na mimi nimeshasema. Mama ndiye aliyegeuka.

"Mama, ni wewe umesema hivyo?"

Kukhu akanyonya peremende yake. Halafu akaanza kutafuta fimbo chini ya kiti. Akaipata. Akagonga dirisha nayo, taratibu, mara moja, kwamba afunguliwe ashuke.

Basi. Baba akazima gari. Akashuka akaenda kazini kwa miguu, siku aliyoomba ruhusa, na hakusema na mtu hadi Jumamosi. Ndiyo maana hukufikiwa. Mama alitaka tukukodie mtu akulete Thika, lakini safari yenyewe ndiyo haikuwepo. Nilimwambia Mama amwambie mama yako. Nilikuwa nimemaliza sauti.

Jumamosi asubuhi Baba akatoka na overoli na beseni. Simu hakuleta. Aliweka jeki bila kumtazama mtu. Kukhu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva kabla hajamaliza kuzungusha. Nami nikasimama mahali pangu.

"Mwambie akanyage," Baba akasema, chini chini.

"KUKHU, KANYAGA."

Baba aligonga kichwa kwenye bodi.

"AMEKANYAGA, BABA. KUKHU, SHIKILIA. BADO. BADO. BADO, KUKHU. HAYA, ACHILIA."

Mburu akaja hadi ukutani kuangalia kama kuna ugomvi. "Wee Maxine," akasema, "kumbe hiyo koo inafanya kazi? Sisi tulidhani ulizaliwa nayo ya maonyesho." Eddie alikuwa pale pale na mapera yake. Nilikuwa na aibu, usifikiri sikuwa nayo, masikio yalikuwa yanawaka moto. Lakini aibu na sauti kumbe zinaweza kukaa mtu mmoja. Tulizunguka magurudumu yote, hadi mafuta yakawa yanatoka kwenye mrija bila povu hata moja. Baba akakanyaga. Pedali ikasimama juu, ngumu, kama kukanyaga ngazi. Hakutangaza kitu. Alibaki amekaa hapo na mguu juu yake, muda mrefu, na nadhani alikuwa anaona mteremko ule ule uliouona wewe.

Tulimpeleka Kukhu wikendi iliyopita. Breki zilishika kila mahali. Baba yako alikuja jioni. Amekonda, amefuga ndevu. Alhamisi ile alisimama barabarani, Sifuna, na Ijumaa alisimama tena. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, hakujibu kwa sababu, anasema, hakujua aanze na nini. Aliniuliza umefika urefu gani. Nikasimama kwenye mlango wa Kukhu nikamwonyesha na mkono. Akasema, "Huyo si yeye, huyo ni mtu mzima." Nikamwambia, na hakuna aliyesema niongeze sauti, kwamba utakuja Agosti na gari hili hili. Kwa hivyo lazima uje. Shati usilivae shuleni.

Asubuhi tukiondoka, Kukhu aliniita pembeni ya nyumba, Baba akiwa kwenye gari amegeuza uso upande wa shamba ili aweze kupita bila kuonana naye. Aliniwekea mayai kwenye mfuko. Akavua miwani, nami sikuwa nimeona macho yake tangu operesheni. Akanitazama kwa yote mawili.

"Siku ile getini," akasema, "nilisema vizuri, sivyo?"

"Ulisema vizuri, Kukhu."

"Na walisikia wote."

"Walisikia hadi kwa Mburu."

Akavaa miwani yake. "Ukimwandikia Sifuna," akasema, "mwambie ni mimi niliyesema."

Kwa hivyo, ulivyouliza ni nani, ni yeye.

Maxine